Viti Vitupu, Bei Haishuki: Nimnunulie Baba Tiketi Sasa au Nisubiri?

SWALI

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa kumi na moja nikiishi Columbus, jimbo la Ohio, pamoja na mke wangu na mtoto wetu wa kiume mwenye umri wa miaka 15. Baba yangu, ambaye ametimiza miaka 73, yuko nasi tangu mwezi Mei na atarejea nyumbani mwishoni mwa Septemba. Ujanani alikuwa karani bandarini, na mabaharia wa meli zilizotia nanga Tanga ndio waliomwuzia santuri za bendi za roki za Uingereza na Marekani, ambazo alizipiga kwenye gramafoni yake usiku na mchana mpaka Bibi akatishia kuzitia motoni. Picha yake ya mwaka 1974, amevaa suruali ya bugaluu na shati lenye kola kama masikio ya tembo, imetundikwa sebuleni kwetu hadi leo.

Mwezi Februari, hata kabla hajapata viza, nilimwahidi kwa simu kwamba akifika nitampeleka kuiona kwa macho yake mojawapo ya bendi hizo, ambayo sitaitaja jina. Wazee wale wangali hai na wangali wanapiga, na mwaka huu wana ziara ya viwanja vikubwa vya mpira. Kituo kimojawapo ni mji ulio mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari kutoka kwetu. Niliahidi bila kuangalia bei. Nilipofungua ukurasa wa mauzo nilikuta viti vya chini ni dola 412 kila kimoja, na vile vya juu kabisa, ambako mwimbaji huonekana mdogo kama njiti ya kiberiti, ni dola 189. Kwa watu wanne viti vya chini ni dola 1,648, kabla ya petroli, maegesho na chakula.

Nilisita, na tangu hapo nimepata maradhi ya kufungua ramani ya viti kila usiku kabla ya kulala. Kila kiti ambacho hakijauzwa huonekana kama kitone cha buluu. Leo zimebaki wiki sita, na safu nzima nzima bado ni za buluu, lakini bei imepungua kwa dola 20 tu, tena upande mmoja wa uwanja. Siwezi kuelewa ni mfanyabiashara gani anayeona bidhaa yake haitoki na bado anang'ang'ania bei ileile. Sokoni kwetu, nyanya zikifika jioni, muuzaji mwenyewe hukuita.

Nyumbani nako hakuna amani. Mke wangu anasema fedha hizo zingetosha kumaliza kununua bati za nyumba ya Baba kule Tanga, ambayo tumekuwa tukiijenga kidogo kidogo, na kwamba ni jambo la ajabu kumvua mzee paa ili kumnunulia nyimbo mbili tatu. Kaka yangu mkubwa, aliyeko Dar es Salaam, ameandika katika kundi letu la WhatsApp kwamba Baba ni mmoja na kwamba akikalishwa viti vya juu itakuwa aibu ya ukoo, ingawa hajatoa hata senti moja. Baba mwenyewe hajui bei, na kila jioni anamweleza mjukuu wake habari za wapiga gitaa wale kana kwamba alisoma nao. Jambo jingine ni kwamba goti lake la kulia ni bovu, na ngazi zinamsumbua sana.

Je, ninunue sasa au nisubiri? Na nikisubiri, itakuwaje kama nitachelewa?

Mwana wa Karani, Columbus

JIBU

Marahaba, mpwa wangu.

Usinunue viti hivyo kwa dola 412, na wala usisubiri mpaka siku ya tamasha kama vijana wanavyofanya. Goti la Baba yako, ambalo umelitaja mwishoni kabisa kana kwamba ni jambo dogo, ndilo linalopanga tarehe yako ya kununua, na nitalirudia. Lakini niruhusu kwanza nijibu mshangao wako kuhusu muuzaji wa nyanya, kwa sababu ukishaelewa kwa nini bei hiyo ipo pale ilipo, hutaiogopa tena.

Tiketi za bendi hizi kongwe hazikuwa ghali tangu mwanzo. Kundi la roki la Marekani la Eagles liliporudi jukwaani mwaka 1994 na kuuza tiketi kwa zaidi ya dola 100, watu waliona ni ufidhuli. Baada ya hapo mlango ukafunguka. Alan Krueger, mchumi wa Chuo Kikuu cha Princeton, alionyesha kwamba kati ya mwaka 1996 na 2003 bei ya wastani ya tiketi za matamasha nchini Marekani ilipanda kwa asilimia 82, ilhali bei za bidhaa kwa jumla zilipanda kwa asilimia 17 tu. Zamani ziara ilikuwa tangazo la santuri, na fedha zilitoka dukani. Muziki ulipoanza kupatikana kwenye intaneti bure au kwa bei ya chee, mambo yaligeuka, na santuri ndiyo iliyobaki kuwa tangazo la ziara. Msanii ambaye hauzi tena santuri hutafuta riziki yake langoni mwa uwanja.

Sababu ya pili ni walanguzi. Kwa miaka mingi mtu aliyenunua tiketi ya dola 100 aliweza kuiuza nje ya uwanja kwa dola 500, na wenye bendi walipoona hivyo wakajiuliza kwa nini tofauti hiyo isiingie mfukoni mwao. Ndipo ikaja bei geugeu, ambayo hupanda papo hapo kadiri watu wanavyojazana kwenye foleni ya mtandaoni. Mwezi Julai mwaka 2022, tiketi za ziara ya Bruce Springsteen, mwanamuziki mkongwe wa roki wa Marekani, zilipoanza kuuzwa, baadhi zilipanda hadi kati ya dola 4,000 na 5,000. Ticketmaster, kampuni iliyokuwa ikiziuza, walijitetea kwamba wastani ulikuwa dola 262 na kwamba zilizozidi dola 1,000 zilikuwa asilimia 1.3 tu, na Springsteen mwenyewe baadaye alisema kwamba kama fedha hizo lazima zilipwe, ni afadhali ziwaendee wale wanaotoka jasho jukwaani kwa saa tatu. Hoja yake ina mantiki, lakini jarida la mashabiki wake, lililokuwa limemfuata kwa miaka 43, lilifungwa Februari 2023 kwa uchungu wa jambo hilohilo. Nakumbuka nilihuzunika kuliko nilivyotarajia.

Sasa tufike kwenye vitone vyako vya buluu. Bei unayoiona haikuwekwa kwa ajili yako, iliwekwa kwa ajili ya shabiki ambaye angelipa chochote ndani ya saa 48 za kwanza, na shabiki huyo amekwisha kununua. Waliobaki ni watu wa aina yako, wenye mapenzi lakini wenye bati za kununua, na waandaaji hukadiria idadi ya watu wa namna hiyo kwa kubahatisha tu. Uwanja wa mpira una makumi ya maelfu ya viti, na ile ari ya siku ya kwanza inaweza kuujaza theluthi moja na kuonekana kama mafanikio. Kisha kimya kinaingia.

Unauliza kwa nini basi wasishushe. Muuzaji wa nyanya hana mteja wa asubuhi atakayerudi jioni kumtukana, ilhali hawa wanao maelfu waliolipa dola 412 mwezi Februari, na siku wakiona kiti cha jirani kinauzwa dola 150 watadai tofauti yao, au mwaka ujao watasubiri kama wewe unavyosubiri. Pia mara nyingi bendi huwa imekwisha kuahidiwa fedha zake na promota, kwa hiyo kiti kitupu kinamuuma promota kwanza, na promota naye hataki kutangaza hadharani kwamba alikosea hesabu. Kushuka kwa bei kupo, mpwa wangu, lakini hufanywa kwa kificho: wanaachilia viti vipya sehemu ambazo zilikuwa zimefungwa, wanatoa ofa ya siku chache kwa jina jingine, au wanagawa tiketi kwa watu wa taasisi fulani ili picha za uwanja zisiwe za aibu.

Nayasema haya kwa kuwa miaka yangu ya mwanzo hapa Marekani nilifanya kazi ya mwisho wa wiki ya kuwaonyesha watu viti vyao uwanjani. Nimewahi kuambiwa, saa mbili kabla ya onyesho, nisaidie kufunika safu za juu kwa vitambaa vyeusi, kisha nisimame kwenye ngazi na kuwaelekeza wenye tiketi za juu wateremke chini bila kulipa zaidi. Mama mmoja alidhani ninamfukuza. Nilipompeleka kwenye kiti cha chini, kando ya mtu aliyelipa mara tatu ya bei yake, alinishika mkono akalia, na yule mtu wa pembeni aliusikia mkasa wote na hakufurahi hata kidogo.

Kisa kinachofaa zaidi kwako ni cha bendi ya Uingereza ya Rolling Stones mwaka 2013, walipokuwa wakiadhimisha miaka 50. Tiketi nyingi zilikuwa kati ya dola 150 na 600, na mauzo yakawa ya kujikokota. Siku chache kabla ya kufungua ziara huko Los Angeles wakaachilia tiketi za dola 85, kwa sharti kwamba mnunuzi hajui atakaa wapi mpaka siku yenyewe. Baadhi ya waliobahatika walijikuta karibu na jukwaa. Mpango huo wa bahati nasibu uliwafaa kiasi kwamba wameurudia katika ziara za baadaye. Kinyume chake, mwezi Mei mwaka 2024 kundi la The Black Keys, ambalo si kongwe kiasi hicho, lilifuta ziara nzima ya kumbi kubwa za Marekani na kurudi kwenye kumbi ndogo. Kwa hiyo ulivyoogopa si upuuzi: bidhaa isiyotoka inaweza kushushwa bei, na inaweza pia kuondolewa mezani.

Lakini hatari hiyo haigharimu fedha ukinunua mahali panapostahili. Tamasha likifutwa kabisa, muuzaji rasmi hurudisha fedha. Likiahirishwa, kwa kawaida tiketi hubaki halali kwa tarehe mpya, na hapo ndipo penye tatizo lako, kwa sababu tarehe mpya inaweza kuangukia wakati Baba yuko Tanga. Wapiga muziki hawa wana umri wake. Mwezi Septemba mwaka 2023 Springsteen, akiwa na miaka hiyohiyo 73, alisimamishwa na vidonda vya tumbo na maonyesho yake yaliyobaki ya mwaka ule yakasogezwa hadi 2024. Mwezi huohuo Steven Tyler, mwimbaji wa bendi ya Aerosmith, aliumia koo katika onyesho la tatu tu la ziara ya kuaga, na Agosti iliyofuata bendi ikatangaza kwamba haitafanya ziara tena. Kabla ya kulipa, soma masharti ya muuzaji kuhusu kuahirishwa, ujue kama atakurudishia fedha au la. Dakika tano zinatosha.

Sasa nirudi kwenye goti. Viwanja vya mpira vina ngazi ndefu zenye mteremko mkali, na viti vile vya dola 189 ambavyo unavifikiria kama njia ya kubana matumizi, Baba yako hatavifikia, au atavifikia akiwa hana hamu tena ya kusikia chochote. Sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu inavitaka viwanja viwe na viti visivyo na ngazi kwa ajili ya watu wasioweza kuzipanda, viuzwe wakati uleule na viti vingine, na visiuzwe kwa bei inayozidi ile ya viti vingine vya sehemu hiyohiyo. Tena mwenye kuhitaji kiti hicho anaruhusiwa kununua hadi viti vitatu zaidi vya wenzake, vikiwa pamoja naye endapo nafasi ipo. Yaani hesabu yenu ya watu wanne inakaa sawasawa. Goti bovu linaingia humo, na hupaswi kuona haya kulisema. Usichukue viti hivyo kwa hila tu, kama ambavyo watu wawili watatu niliowahudumia walikuwa wakifanya huku wakipanda ngazi kwa kuruka.

Viti hivyo ni vichache, na hii ndiyo sababu nimekukataza kusubiri hadi siku ya mwisho. Kesho piga simu ofisi ya tiketi ya uwanja wenyewe, wala usitegemee ramani peke yake, na uliza mambo mawili: wamebakiwa na viti vingapi vya aina hiyo na kwa bei zipi. Uliza pia kama ada zinazoongezwa juu ya bei ya tiketi hupungua ukinunua dirishani, maana mara nyingi hupungua. Wakikuambia vipo vingi, jipe wiki tatu. Wakisema vimebaki vichache, nunua wiki hii kwa bei ya chini kabisa iliyopo, kwa sababu punguzo la baadaye halitakusaidia kama viti vyenyewe havipo.

Katika wiki hizo tatu, tazama ramani mara moja kwa juma. Kila usiku ni kujitesa. Angalia hasa kama vimetokea vitone vya rangi nyingine, ambavyo kwa kawaida ni tiketi za watu wanaouza tena zao. Hao ndio wauzaji wako wa nyanya za jioni: hawana jina la kulinda, na kadiri siku inavyokaribia ndivyo wanavyoteremsha. Linganisha bei ya mwisho tu. Tangu tarehe 12 Mei 2025 kanuni ya serikali ya Marekani inawalazimu wauzaji wa tiketi za matamasha kuonyesha tangu mwanzo jumla iliyojaa ada zote za lazima, kwa hiyo ukiona bei inaongezeka ukurasa wa mwisho, ondoka hapo. Ada si jambo dogo: mwaka 2023 kundi la The Cure liliweka tiketi zake za chini kwa dola 20, mashabiki wakakuta ada zinazidi tiketi yenyewe, na ikabidi mwimbaji wao Robert Smith apige kelele ndipo Ticketmaster wakarudisha dola 5 au 10 kwa kila tiketi.

Kuhusu mkeo, nimesoma barua yako mara tatu, na hakuna mahali uliposema kwamba anaipenda bendi hiyo. Umeandika watu wanne kana kwamba ni kanuni. Mwulize kwa upole kama angependa kwenda au angefurahi zaidi kubaki na jioni yake mwenyewe, na usishangae akikuambia kwamba hesabu ya nne ilikuwa ikimkera tangu Februari. Mzee, mwanawe na mjukuu wake ni watu watatu. Kwa dola 200 kila mmoja, kiasi ambacho kwa ramani uliyonieleza si ndoto, mtatumia dola 600, na ile dola elfu moja na zaidi inayobaki ikaenda kwenye bati. Kaeni nyinyi wawili leo jioni, mkubaliane kikomo kimoja, mkiandike, na bei isiposhuka kufikia hapo kwa tarehe mliyoipanga, msinunue. Usikubali kutumia kadi ya mkopo kwa jambo hili. Onyesho la saa mbili halipaswi kulipiwa mpaka Krismasi.

Baba mwambie ukweli wa bei. Mtu aliyekuwa karani wa bandari aliishi kwa kuhesabu mizigo ya watu, na atasikitika zaidi kugundua baadaye kwamba nyumba yake ilichelewa kwa ajili yake bila yeye kuulizwa. Akisema hataki, msihi mara moja tu, kisha umwulize kama angependa kwenda kusikiliza bendi za hapo mjini zinazopiga nyimbo hizohizo kwenye bustani na kumbi ndogo wakati wa kiangazi, ambako kiingilio ni kidogo na wapigaji humsalimia mtu. Lakini nadhani atataka kwenda, na akienda mbebee vizibo vya masikio, kwa sababu vipaza sauti vya uwanja wa mpira si gramafoni.

Naye kaka yako mtumie ujumbe wa heshima kundini, mbele ya wote, wenye bei ya kiti cha chini, namba ya kutumia fedha na tarehe ya mwisho ya kupokea mchango. Baada ya hapo usiandike neno lolote mpaka ajibu.

Mjomba